Barua kwa mwanangu anayemwandikia Mheshimiwa hotuba

Tororo, Jumapili jioni

Mwanangu,

Rasimu ya hotuba ya Mheshimiwa dhidi ya kutoa mimba nimeisoma mara mbili, kalamu nyekundu mkononi. Imani iliyomo ndiyo tuliyokulea nayo: mtoto aliye tumboni ni mtu, na anayemuunga humo ni Mungu. Hapo sina neno. Neno langu ni juu ya namna ulivyomtetea mtoto huyo, maana mahali pengi umemtetea kwa mambo yasiyo kweli, na amri ya kutomshuhudia jirani uongo haikuacha nafasi kwa wale wenye nia njema.

Anza na ukurasa wa kwanza: "Katiba yetu imepiga marufuku kutoa mimba, nukta." Hiyo nukta ni yako. Ibara ya 22(2) ya Katiba ya Uganda ya 1995 inasema hakuna mtu mwenye haki ya kukatisha uhai wa mtoto ambaye hajazaliwa, isipokuwa kama itakavyoruhusiwa na sheria. Nusu ya kwanza ni nguzo kubwa kwetu, kwa sababu Katiba yenyewe inamwita mtoto. Nusu ya pili nayo imo, na wakili wa upande wa pili ataisoma kwa sauti mbele ya watu. Inukuu yote, kisha mweleze msikilizaji sheria inasemaje. Kanuni ya Adhabu ina kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayejaribu kumtoa mwanamke mimba, miaka 7 kwa mwanamke anayejitoa mwenyewe, na miaka 3 kwa anayetoa dawa au vifaa akijua vitatumika kwa kazi hiyo. Sheria hiyohiyo haimhesabii kosa anayefanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ustadi unaofaa, ili kuokoa maisha ya mama. Na usitaje namba za vifungu ulizokariri, yaani 141 hadi 143 na 224. Ni za toleo la zamani. Toleo lililorekebishwa, linalotumika tangu Julai 2024, limezibadilisha.

Hapo hapo ondoa sentensi ya "serikali ilihalalisha kimyakimya mwaka 2015". Mwaka huo Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kupunguza vifo na madhara ya utoaji mimba usio salama, viongozi wa dini wakaupinga, ukasimamishwa. Mwongozo wa wizara haubadilishi sheria, uwepo au usiwepo. Itifaki ya Maputo, ule mkataba wa nchi za Afrika juu ya haki za wanawake, pia haijatulazimisha lolote katika jambo hili: Uganda iliiridhia mwaka 2010 kwa kuweka wazi kwamba haifungwi na kipengele cha 14(2)(c), ambacho ndicho kinachogusa kutoa mimba. Hiyo ni hoja yetu, nawe umeigeuza kuwa malalamiko!

Azimio la Geneva la tarehe 22 Oktoba 2020, ambalo Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoliandaa, umeliita mkataba. Ni tamko tu la nchi zinazosema hakuna haki ya kimataifa ya kutoa mimba, halina nguvu ya kisheria. Marekani ilijitoa Januari 2021 na kurudi Januari 2025, kila rais na lake. Na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya huko haikupiga marufuku kutoa mimba. Ilisema katiba yao haitoi haki hiyo, ikalirudisha suala kwa wawakilishi wa wananchi. Majimbo mengine yamekataza, mengine yameruhusu zaidi. Msikilizaji mwenye ndugu huko atakusahihisha.

Sasa takwimu. Umeandika: "Kila mwaka mimba 300,000 zinatolewa Uganda, na hali inazidi kuwa mbaya." Hakuna aliyezihesabu moja moja. Watafiti walioangalia mwaka 2013 walianzia hospitalini na kwenye vituo vya afya. Waliuliza ni wanawake wangapi wanatibiwa madhara ya mimba kutoka, wakaondoa wale ambao inakadiriwa mimba zao ziliharibika zenyewe. Kisha wakawauliza wataalamu: kwa kila mmoja anayefika kutibiwa, wangapi hutoa na hawafiki? Jibu hilo likawa kizidisho, na matokeo yake ni takriban 314,000. Kizidisho kikisogea kidogo, jumla inaruka kwa maelfu mengi. Kwa hiyo lazima uandike "inakadiriwa", tena utaje mwaka. Ama hiyo "hali inazidi kuwa mbaya", makadirio ya 2003 yalikuwa 294,000, kwa hiyo idadi ilipanda. Lakini wanawake nao waliongezeka, na kiwango kilishuka kutoka 51 hadi 39 kwa kila wanawake 1,000 wenye miaka 15 hadi 49. Mwanasiasa wa upande wowote anaweza kuchagua namba inayomfaa na kuifukia nyingine. Wewe weka zote mbili. Na acha huu mchezo wa watu wetu: namba hiyohiyo wakiitumia wao ni ushahidi, wakiitumia wapinzani ni propaganda ya wazungu.

Ukurasa wa nne una picha. Umeandika chini yake "wiki 8", lakini mtoto huyo ana kucha, na uwiano wa kichwa na mwili ni wa mimba iliyofika kama miezi mitano. Mtoto wa wiki 8 ana urefu wa kama milimita 16. Wa wiki 12, sentimita 5 hadi 6. Tena kumbuka mkunga huhesabu wiki kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo wiki 8 za kliniki ni kama wiki 6 tangu mimba itungwe. Ukitaja wiki, sema unahesabu kutoka wapi. Lakini kosa la picha hiyo si la vipimo tu. Ukilazimika kumkuza mtoto ndipo watu wamhurumie, umekubali bila kujua kwamba udogo unampunguzia utu. Tafuta picha ya kweli ya milimita 16, halafu useme: huyu.

Ukurasa wa tano nimeufuta wote. "Dawa za kutoa mimba zipigwe marufuku" maana yake ni misoprostoli, na vidonge hivyohivyo ndivyo mkunga wa kijijini anavyotumia kuzuia damu kumwagika baada ya kuzaa pale ambapo hana sindano ya oksitosini, dawa nyingine ya kazi hiyo. Dozi ni mikrogramu 600, yaani vidonge vitatu vya 200, kwa mdomo, mtoto akishatoka na mkunga akishahakikisha hakuna pacha aliyebaki. Oksitosini inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na umeme wa vituo vyetu unaujua. Misoprostoli haihitaji friji. Ukiifungia, utaua akina mama kwa jina la watoto wao. Andika kuhusu uuzaji bila cheti katika maduka ya dawa. Hilo ndilo tatizo lenyewe. Na mimba iliyotunga kwenye mrija usiitie humo kabisa. Haiwezi kufikia kuzaliwa, na mrija ukipasuka mama anavujia damu tumboni. Kumpasua ni kumwokoa yule anayeweza kuokolewa. Vilevile aliyefika akivuja damu atibiwe kwanza, hata kama inashukiwa alijitoa.

"Akina mama wanakufa kuliko zamani" nayo si kweli. Utafiti wa kitaifa wa 2016 ulipata vifo 336 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulipata 189. Bado ni wengi mno. Tarehe 19 Agosti 2020 Mahakama ya Kikatiba iliamua kwamba serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kukiuka Katiba. Hukumu hiyo ingefaa iwe katikati ya hotuba, nawe hukuitaja hata mara moja.

Kuhusu ahadi ya "muswada ndani ya siku 100": mbunge binafsi anaomba kwanza ruhusa ya Bunge kwa hoja, kisha anatafuta hati ya Wizara ya Fedha kuhusu gharama, na hati hiyo inaweza kukaa mezani kwa mtu miezi. Ndipo unasomwa mara ya kwanza, unakwenda kwenye kamati kwa siku 45, unarudi kwa usomaji wa pili na wa tatu, halafu Rais ana siku 30 za kuusaini au kuurudisha. Ibara ya 93 ya Katiba inamzuia mbunge huyo kubebesha hazina mzigo mpya, hivyo ile ahadi ya kujenga wodi kwa muswada huohuo haiwezekani. Aahidi kuwepo siku ya kura. Akidi, yaani idadi ya chini ya wabunge wanaotakiwa kuwepo wakati wa kura, ni theluthi moja, na wengi waliosaini kadi za ahadi madhabahuni hawaonekani siku hiyo. Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, huwa inaonyesha.

Wasichana wa shule umewapa mstari mmoja. Karibu robo ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au ni wajawazito. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 unawaruhusu kurudi shule baada ya kujifungua, na shule zilipofunguliwa Januari 2022 baadhi ya viongozi wa kanisa walipinga. Msichana akiambiwa asitoe mimba, halafu akafukuzwa na haohao waliomwambia, atasikia neno gani? Mheshimiwa aseme yuko upande gani, hata kama askofu amekaa safu ya mbele.

Najua utanijibu kwa Shifra na Pua, wakunga waliomdanganya Farao. Walimdanganya muuaji aliyekuwa akidai watoto wa kuua. Mpiga kura wa Tororo si Farao, na kura si mtoto.

Luka 1:41 ibaki. Elisabeti na kichanga kilichoruka tumboni vinatosha. Kutoka 21:22, ya mjamzito aliyeumizwa na watu wanaopigana, iondoe, kwa sababu wafasiri wenyewe hawajakubaliana kama mimba iliharibika au mtoto alizaliwa kabla ya wakati.

Nitumie rasimu mpya kabla ya Ijumaa. Mheshimiwa akizikataa hizi nyekundu, asome ya kwake, ila mwombe afute jina lako pale chini. Baba yako anauliza kama koti lilikutosha.

Mama yako