Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Arusha

Ndugu wanachama, wazee wetu shikamooni, vijana habari za leo.

Shughuli za kawaida za chama chetu cha kujisomea mnazijua. Madarasa ya Jumamosi yalifanyika, tulisoma elimu ya wahanga wa uhalifu tangu enzi za waanzilishi wake, Mendelsohn na von Hentig, miaka ya 1940, tukapitia Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na baadhi yetu tulikwenda mahakamani kusikiliza kesi. Kumbukumbu anazo Katibu.

Nije kwenye lililowasha moto: semina ya Agosti. Kamati ya maandalizi ilimwalika mama mmoja aliyefanyiwa ukatili aje kutoa ushuhuda. Nilizuia, siku zikiwa zimebaki mbili. Nimeitwa dikteta. Wengine wamesema naogopa polisi. Nijibu hapa, maana vijiweni yamesemwa mengi.

Mama yule alishaeleza kaunta ya kituo cha polisi, akaeleza dawati la jinsia, akamweleza daktari aliyejaza PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, akamweleza wakili wa serikali, kisha akarudia mahakamani huku wakili wa utetezi akimuuliza usiku ule alikuwa anatafuta nini barabarani. Sisi tukataka aeleze mara ya sita, tukimsikiliza na soda mkononi, kwa nauli ya shilingi 10,000! Azimio la Umoja wa Mataifa la Novemba 1985 linataka mhanga atendewe kwa huruma na kuheshimiwa utu wake. Tulilisoma wenyewe, tukalipigia na mstari.

Na mji wetu una historia. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda ilikaa hapa hadi 2015. Wahanga walikuja, wakatoa ushahidi, wakarudi kwao. Majaji hawakuwa na mamlaka ya kuwapa fidia. Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), ndio uliowafungulia wahanga wa kesi za mahakama hiyo mlango wa kusikilizwa na kudai fidia kule The Hague. Kwetu, Kanuni ya Adhabu inamruhusu hakimu kuamuru aliyetiwa hatiani amlipe aliyemdhuru, lakini kesi ni ya Jamhuri na mhanga ni shahidi tu. Mfungwa akiwa hana kitu, amri inabaki karatasi. Somo hilo la fidia niliandaa mwenyewe, bila posho, kuziba pengo la semina. Waliohudhuria wamelisifu.

Waliohudhuria walikuwa 14. Chama kina wanachama 62! Mkutano wa Julai, ambao ndio ungejadili mgeni huyo, uliahirishwa kwa kukosa akidi, na wanaopiga kelele leo kwamba niliamua peke yangu hawakutia mguu. Siku ya pilau ya Desemba viti havikutosha.

Ada ni shilingi 24,000 kwa mwaka. Waliomaliza ni 19, waliolipa nusu 11, na 32 hawajatoa hata senti. Tumekusanya 588,000, tunadai 900,000. Kodi ya ukumbi, fotokopi na chai vimemeza karibu zote. Miezi miwili nimetoa mfukoni kwangu. Sidai, ila ieleweke.

Mwaka ujao tunatarajia kupata chumba cha kudumu, na Mungu akijalia kijitabu cha kumweleza mwananchi PF3 inapatikanaje na fidia inaombwaje. Safari ya Moshi bado ipo kwenye mawazo. Mweka Hazina yuko mlangoni na kitabu cha stakabadhi.

Naomba kuwasilisha.