Jina la Kanga Si la Mtu Mmoja: Barua kwa Vijana Wachapaji wa Mombasa

Wanangu mnaochapa fulana, mikoba na kanga,

Assalaam aleikum. Juzi mmoja wenu alinijia dukani akanionyesha kwenye simu fomu aliyoanza kuijaza. Anataka kusajili "Japo sipati tamaa sikati" iwe alama yake ya biashara, ili atakayeyachapa maneno hayo bila ruhusa yake amdai fidia. Yeye alikuwa na furaha. Mimi usiku ule sikupata usingizi.

Nimeuza kanga tangu nikiwa msichana nikimsaidia mama. Nawakumbuka wanawake waliokuja kutuletea majina, yaani maneno ya kuchapwa kwenye kanga. Mmoja alisimama kaunta, akajifunika mdomo kwa ushungi, akaninong'oneza maneno ya kumjibu wifi yake. Nikayaandika nyuma ya risiti. Miezi ikapita, kanga zikaja zimechapwa, naye akanunua doti tatu. Hakudai senti. Na duka la pili lilipoyachapa maneno yale yale, hatukwenda kugombana nao, maana na sisi tuliyapokea tu kutoka kinywani mwa mtu.

Itazameni kanga yenyewe. Ina pindo, ina mji, ina jina. Kisha pembeni, kwa herufi ndogo, kuna chapa ya mwenye bidhaa. Kanga za Kaderdina Hajee Essak wa hapa hapa Mombasa zinajulikana kwa "K.H.E. – Mali ya Abdulla", na mama zetu walikuwa wakiitafuta chapa hiyo kwanza kabla ya kuuliza bei. Hiyo ndiyo alama ya biashara: inamwambia mnunuzi kazi hii ni ya nani. Jina la kanga linasema jambo la moyoni mwa anayeivaa, na huyo anaweza kuwa yeyote.

Najua mtasema, "Bibi, tusipowahi sisi, wageni watatuwahi." Ni kweli wamewahi. Disney iliomba kusajili "Hakuna Matata" Marekani mwaka 1994, ikapewa mwaka 2003 kwa ajili ya fulana. Usajili ule haumzuii mtu kuyatamka, lakini mwaka 2018 watu wengi walitia saini kuupinga, kwa sababu uliuma. Basi jirani yako wa Biashara Street, anayelisha watoto kwa fulana ishirini kwa wiki, akipokea barua ya madai kutoka kwako, yeye hataumia?

Na njia ya kujilinda ipo. Mwaka 2006 kampuni moja iliomba kusajili neno "kikoy" huko Uingereza. Wakenya na wenzao wa biashara ya haki wakapinga, na ombi lile halikufika popote. Hapa kwetu ombi likitangazwa kwenye jarida la KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama za biashara, kuna siku 60 za kulipinga. Gawaneni zamu ya kulisoma jarida hilo kila mwezi. Kazi hiyo ni ndogo kuliko kesi moja.

Wewe mwanangu mwenye fomu, usiipeleke. Futa maneno ya kanga, uandike jina la karakana yako na ile nembo ya jahazi uliyoichora mwenyewe, ambayo ni nzuri kweli. Njoo Alhamisi baada ya alasiri; nusu ya ada nitakulipia.

Bibi yenu wa kanga