Barua kwa Rafiki: Siku ya Maji na Sanduku la Bati

Umoja, Nairobi
19 Januari 2025

Mpendwa rafiki yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa baba watoto na kwa watoto wote wawili, ambao bado wananiuliza utakuja lini tena na zile njugu ulizowaletea mwaka jana. Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Ama baada ya salamu, barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa ndani ya matatu, nikaikunja haraka kwa sababu machozi yalinilengalenga pale ulipoandika kwamba nyumba imekushinda na kwamba siku hizi moyo hukuruka mgeni akibisha hodi. Leo ni Jumapili, watoto wamelala, na nimekaa mezani na kalamu kwa sababu uliniuliza maswali mawili ya haki: nilifanyaje mpaka nyumba yangu ikatulia, na je, malengo yako 11 ya mwaka huu yanawezekana?

Nianze na la pili, nami nitasema bila kuzunguka, kwa kuwa tumejuana tangu tulipolala kitanda kimoja cha ghorofa bwenini, wewe juu nami chini. Yote kwa pamoja hayawezekani. Unataka kuamka saa kumi alfajiri kila siku, uweke akiba ya shilingi 10,000 kila mwezi, usome vitabu 24, upunguze kilo 15, na upange vyumba vyote upya kabla Januari haijaisha. Na hayo ni matano tu ya mwanzo. Sioni lengo baya hata moja hapo. Ninaloliona ni kwamba umemwandikia mtu mwingine orodha hiyo, mtu ambaye hasahihishi madaftari ya darasa zima kila jioni, hana mama mgonjwa wa kumpigia simu, wala hachoki. Wewe unachoka, rafiki yangu, na orodha isiyojua kwamba unachoka itakuumiza kabla ya Machi.

Najua kwa sababu mimi mwenyewe nilipita hapo. Mwanzoni mwa mwaka jana shuleni kwa binti yetu mkubwa waliitisha nakala ya cheti cha kuzaliwa, nasi tukapewa siku mbili. Nilikuwa na hakika kwamba cheti kipo, kwa kuwa nilikichukua kwa mkono wangu na nikakiweka mahali ambapo nilijiambia sitapasahau. Usiku wa kwanza stima zilipotea, nikawa napekua kabati huku binti yangu akinishikia tochi ya simu, na kila nilipofungua bahasha nikakuta risiti ya zamani, mwanga ule ulitetemeka kidogo, kwa maana mkono wake ulikuwa unachoka na hakutaka kuniambia. Usiku wa pili hakuuliza tena. Alilala na sare yake miguuni mwa kitanda, akaenda shule asubuhi bila nakala, akasimama mbele ya wenzake kueleza kosa ambalo halikuwa lake. Cheti nilikipata baada ya wiki mbili, ndani ya mkoba mweusi niliokwenda nao mazishini nyumbani, pamoja na nauli ya kurudia na ratiba ya ibada. Ule mwanga unaotetemeka ndio ulionifanya nibadilike, kuliko maneno yoyote niliyowahi kusikia kuhusu usafi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutaka kumaliza kila kitu kwa mara moja. Jumamosi iliyofuata nilitoa nguo zote, vyombo vyote, makaratasi na viatu, nikavirundika kitandani na sebuleni nikiamini kwamba kufikia jioni kila kitu kitakuwa kimepata mahali pake. Saa mbili usiku hata robo ya kazi sikuwa nimefika. Watoto wakalala kwenye godoro sakafuni kati ya marundo, na Jumapili jioni nilirudisha kila kitu kabatini kwa kusukuma na bega ili mlango ufunge. Kwa hivyo ukisikia mtu anakuambia upange nyumba nzima wikendi moja, msikilize kwa heshima, kisha usifanye hivyo. Nyumba iliyojaa kwa miaka minane haitoki kwa siku mbili.

Baadaye nilichukua daftari la mtoto lililobaki kurasa nyeupe, nikaandika siku yangu ya kazi ilivyo. Ninaamka saa kumi na moja alfajiri na kulala saa nne usiku, yaani saa 17. Kazini ni saa tisa. Safarini, kwenda na kurudi kwa Barabara ya Jogoo, ni karibu saa tatu, na mvua ikinyesha huwa zaidi. Kupika, kuosha vyombo, kuoga, kusimamia kazi za shule za watoto na kusali ni saa tatu na nusu. Zinabaki dakika 90. Niliziangalia zile dakika 90 kwa muda mrefu, kwa kuwa kabla ya hapo nilikuwa nimejipangia mambo ya kuchukua saa tano kila jioni, kisha nikilala nimejikasirikia kana kwamba ni uvivu. Haukuwa uvivu, hesabu ndiyo ilikuwa mbovu. Nakuomba uifanye hesabu hiyo kabla hujagusa kabati lolote, na uifanye kwa siku uliyonayo, usiifanye kwa siku unayoitamani.

La maji nitakueleza kwa urefu kwa sababu ndilo lililonifundisha zaidi. Kama ujuavyo, sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, na kwa miaka mingi sasa mitaa hupata maji kwa zamu kwa kuwa hayatoshi. Hapa kwetu yanafika Alhamisi usiku na kukatika Ijumaa asubuhi. Hata hivyo, kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikifua Jumamosi, kwa sababu mama yangu alifua Jumamosi, naye alikuwa na mto karibu. Kufikia Jumamosi pipa letu lilikuwa limefika nusu. Nikianza na shuka, sare zilikosa maji ya kusuuza, nami nikanunua mitungi ya lita 20 kwa mwenye mkokoteni, kilo 20 kila mtungi, kuipandisha hadi ghorofa ya nne. Nililipia na kubeba kila wiki jambo ambalo lilihitaji kuhamishwa siku tu.

Sasa Alhamisi jioni sina lengo lingine lolote. Sisomi wala sipangi kabati, na simu za mazungumzo marefu nazo naziacha. Mfereji ukianza kukohoa, kwanza tunajaza pipa, halafu mitungi, halafu ndoo za jikoni, na wakati maji bado yanatiririka nafua sare na shuka, baba watoto akikamua na kuanika juu ya paa. Tunalala saa tano na nusu, tumechoka, lakini Jumamosi yangu imerudi mikononi mwangu, na ni katika hiyo Jumamosi ndipo kabati za nyumba hii zilipopangwa, moja baada ya nyingine, saa mbili kila wiki, kuanzia Februari hadi mwisho wa Mei. Kabati moja Jumamosi moja. Jikoni pekee kulichukua wiki nne.

Kuhusu makaratasi, nilikwenda Kamukunji, kwa mafundi wa bati. Ukifika pale husikii hata unachofikiri, nyundo zinagonga kila upande. Nilimkuta fundi mmoja akikunja ukingo wa kifuniko kwa nyundo ya mbao, pigo dogo dogo, akizungusha bati kwa vidole vya mguu huku mikono ikifanya kazi. Nilinunua sanduku dogo kama lile tulilokwenda nalo bweni, lenye komeo na mahali pa kufuli. Humo mna vyeti vya kuzaliwa, vitabu vya kliniki vya watoto, mkataba wa nyumba, vyeti vyetu vya shule, nakala za vitambulisho, na risiti za karo za mwaka huu, kila kundi katika bahasha yake, jina likiwa limeandikwa kwa kalamu nene. Kanuni ni moja: hakuna karatasi inayotoka ndani yake bila kuacha kijikaratasi kinachosema imekwenda wapi na nani ameichukua. Kadi za NHIF, ile bima ya afya ya zamani, nilizitoa, kwa sababu SHA ilichukua nafasi yake tarehe 1 Oktoba 2024, na risiti za mwaka 2016 za vitu ambavyo hata hatunavyo tena nikazichoma. Ndani ya kifuniko nimebandika tarehe ambazo hazisubiri mtu, ya kwanza ikiwa tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti ya kodi ya mwaka uliotangulia, ambayo nilikuwa nikiikimbilia usiku wa mwisho kila mwaka.

Mengine nitayataja upesi. Nyuma ya mlango wa jikoni nilikuwa na mfuko uliojaa mifuko. Tangu ile ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017 sikuwa nimetupa hata mmoja wa kitambaa, na nilipohesabu ilifika 63. Nilibakisha minane. Mikebe isiyo na vifuniko ilikwenda kwa jirani anayeotesha sukuma wiki na dania roshani. Nguo za watoto zisizowatosha tunazitoa mara mbili kwa mwaka, Aprili na Desemba, wakati wa likizo.

Sasa niseme juu ya pesa, kwa sababu hapo ndipo nilipokuhurumia zaidi. Mimi pia niliwahi kujiwekea lengo la 10,000 kwa mwezi. Tarehe moja nilizitenga, tarehe kumi na tano nilianza kuzitoa kidogo kidogo, na mwisho wa mwezi nilikuwa nimelipa ada za kutuma na kutoa kwa pesa ambazo hazikukaa. Ndipo nikaitisha taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu nikaisoma mstari kwa mstari, kalamu nyekundu mkononi. Sikukuta tundu moja kubwa. Nilikuta mia mbili, mia tatu, mia na hamsini, nyingi zikiwa za kuwasaidia watu ninaowapenda, na nikakubali kwamba hizo sitaacha kutuma. Kilichobaki ambacho ningeweza kukitoa bila kukirudia ni shilingi 1,500. Nikazipeleka kwenye chama chetu cha akiba cha wanawake wa ploti hii, siku ile ile mshahara unapoingia, na kwa kuwa hatugawani mpaka Desemba, sikuweza kuzigusa hata nilipotaka. Desemba nilipokea 18,000. Sare, vitabu na viatu vya Januari hii vimetoka humo, na ni mwaka wa kwanza tangu binti yangu aanze shule ambao sikumkopa mtu.

Kwa hivyo, nikirudi kwenye orodha yako, ningekuomba ubakishe mawili hadi likizo ya Aprili, na ningependa yawe akiba na makaratasi, kwa maana hayo ndiyo yanayokukosesha usingizi kwa mujibu wa barua yako mwenyewe. Kiasi cha akiba usikichague kabla hujasoma taarifa yako ya miezi mitatu. Vitabu viwe kurasa kumi kabla ya kulala, wala usivihesabu. Kilo ziache kwanza. Shuka kituo kimoja kabla ya shule, utembee asubuhi hewa ikiwa bado baridi, kama mimi ninavyoshuka Muthurwa nikaingia mjini kwa miguu. Kuamka saa kumi alfajiri kufute kabisa, nakusihi. Unalala saa sita usiku kwa ajili ya madaftari, na mwili wako haukukosea kitu.

Tena usiibebe nyumba peke yako. Ulisema kijana wako ana miaka kumi na mbili. Huyo anaweza kuwa mwenye sanduku la makaratasi. Kwetu hapa ufunguo anao binti yangu. Nilimkabidhi mwenyewe, mbele ya baba yake, na tangu siku hiyo mtu akitaka karatasi humwomba yeye. Juzi nilihitaji nakala ya kitambulisho changu. Alifungua kufuli, akaitoa bila kupekua, kisha akanipa kalamu niandike kijikaratasi.

Likizo ya Aprili ikifika, njoo ukae nasi siku tatu. Usije Alhamisi, tutakuwa na kazi ya maji na sitaweza kukukalia vizuri. Njoo Ijumaa, na Jumamosi asubuhi nitakupeleka Kamukunji tukamtafute yule fundi. Ukija na vipimo vya mahali utakapoliweka sanduku, atakutengenezea linalotosha. Mwambie mama nampa pole, nami nitampigia simu Jumatano jioni.

Wako wa tangu bwenini,
Mimi rafiki yako