Jumamosi: nyeusi tunajibuje wanaoanzia pembeni

Habari za jioni wadau wa chesi, poleni na foleni. Jumamosi tunakutana palepale barazani Sinza ila muda umebadilika, ni saa 9 alasiri sio saa 10, maana giza linatukuta gemu ziko katikati.

Safari hii ni nyeusi tu. Nimeona wengi mtu akianza pembeni kwa c4 (askari wa safu ya c hatua mbili; herufi ni safu, namba ni mstari) tunaduwaa, na Staunton, mchezaji wa chesi wa Uingereza, aliicheza Paris tangu 1843, sio kitu cha kuogopa. Mimi nawashauri e5, ni Sisiliani (nyeusi kujibu e4 kwa c5) iliyogeuzwa, yaani nyeupe ndiye anaicheza, na mwenzio ana hatua moja ya ziada kwahiyo usikurupuke, toa farasi f6 na c6, na akishaweka farasi wake c3 mpeleke askofu b4 amsumbue. Akianza farasi f3 hiyo e5 hapana jamani, askari analiwa bure! Hapo weka d5. Asiyependa vurugu ashike askari c6 na d5, inajibu c4 na farasi f3 zote, unasoma kitu kimoja.

Naomba:
1. Mwenye ubao na saa aje navyo, tunavyo viwili tu
2. Sh 3,000 ya chai na vitafunwa, mpe mweka hazina kabla ya Ijumaa
3. Kila mtu aje na gemu moja aliyopigwa kwa c4, tuipitie pamoja

Andika NAKUJA au SIJI hapahapa mwisho Alhamisi saa 3 usiku, tujue viti vingapi tuazime. Karibuni sana.