Risala ya Akina Mama wa Likoni kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, mchungaji wetu na mama mchungaji, wazee wa kanisa, majirani zetu Waislamu mlioitikia mwaliko wetu, akina mama wenzangu: Bwana asifiwe!

Kwa niaba ya kikundi cha akina mama wa kanisa letu hapa Likoni, Mombasa, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua umevuka feri wakati wa msongamano, na jua la leo ni kali. Ahsante sana kwa kuja.

Kikundi hiki kilianza kwa maombi ya alfajiri. Wengi wetu tunauza mboga, mahamri na viazi karai, na mboga hufuatwa sokoni Kongowea kabla hakujapambazuka. Saa kumi za usiku mama hathubutu kutoka peke yake. Kuna vichochoro visivyo na taa, na kuna vijana wenye mapanga. Tukakubaliana tukutane kwanza, tuombe, kisha tuteremke feri pamoja. Akiba na mikopo midogo vilikuja baadaye, na hesabu zake zimo katika ripoti utakayokabidhiwa, kwa hivyo sitakuchosha nazo.

Mgeni wetu, ninalotamani ulisikie ni habari ya mwenzetu mmoja. Ameketi safu ya pili, na ameniruhusu nimsimulie bila kumtaja jina.

Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, feri ilipinduka Mtongwe muda mfupi tu baada ya kung'oa nanga, watu 272 wakapoteza maisha. Dada yake alikuwemo. Yeye mwenyewe angekuwemo, ila mtoto alikesha na homa, akachelewa kutoka. Tangu siku hiyo hakukanyaga feri kwa miaka mingi. Barabara ya Dongo Kundu haikuwepo wakati huo. Kufika kisiwani bila feri ilikuwa ni kuzungukia Kinango mpaka Mariakani. Harusi na matanga ya jamaa zake wa Kisauni akawa anayapata kwa masimulizi.

Alipojiunga nasi, baadhi yetu tulimwambia, "Usiogope, dada, mwamini Mungu." Leo naungama tulikosea. Mtu aliyefiwa majini hasaidiki kwa neno jepesi kama hilo. Siku moja tulisoma Isaya 43: "Upitapo katika maji mengi nitakuwa pamoja nawe." Akauliza, "Mbona dada yangu alikuwa mwombaji?" Mchungaji hakujibu. Alivuta kiti, akakaa karibu naye, wakalia wote wawili. Namshukuru Mungu kwa machozi yale, maana hotuba ingemfukuza.

Wiki kadhaa zilipita. Alfajiri moja akaja na Biblia yake, ameukunja pembe ukurasa ule ule. Akasema, "Nimeusoma tena na tena. Mungu anasema *upitapo*. Alijua nitapita. Hakuniahidi kwamba sitafiwa. Ameahidi kuwa nami humo humo majini, na naamini hata dada yangu hakumwacha."

Siku aliyovuka nilikuwa ubavuni pake. Mstari ule alikuwa ameuandika kwenye kipande cha karatasi ya daftari, akakifunga katika pindo la leso pamoja na nauli ya matatu. Mlango wa feri ulipogonga zege, magoti yalimcheza. Alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia, alama zake nilikaa nazo siku mbili. Macho ameyafumba, midomo inatembea: nitakuwa pamoja nawe, nitakuwa pamoja nawe. Alitetemeka mpaka ng'ambo, na ng'ambo akafika. Siku hizi anavuka macho wazi, ingawa bahari ikichafuka bado hulipapasa pindo la leso.

Karibu na Kongowea kuna mahali panaitwa Kengeleni. Frere Town ilipoanzishwa mwaka 1875 kuwa makao ya watumwa waliokombolewa, hatari ya kukamatwa tena haikuwa imekwisha, na inasimuliwa kwamba kengele ya pale ililizwa kuwaonya. Mimi huwaza hofu yetu ni kama kengele ile. Ikilia, mtu aamke, amwite Mungu, awaamshe na majirani. Hatuoni aibu kuisikia.

Ndiyo maana hata maombi yetu kwako leo yanatokana na hofu zetu wenyewe. Tunaomba utufikishie kwa wahusika kilio cha taa katika njia tunayoteremkia feri alfajiri. Tunaomba pia msaada wa kupata mkufunzi wa kuogelea kwa mabinti zetu. Tumezaliwa kando ya bahari, na wengi wetu hatujui kuogelea. Kumtegemea Mungu hakutuzuii kuomba haya, kwa sababu tumeona mara nyingi akitutunza kupitia mikono ya watu.

Mgeni wetu, tumekuandalia leso na kikapu cha mahamri ya moto. Atakayekukabidhi ni yule mwenzetu wa safu ya pili. Jioni ukirudi kisiwani, ameomba yeye ndiye akusindikize mpaka ng'ambo.

Naomba kuwasilisha.