Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: ardhi tuliachia madarasa, hoteli imetoka wapi?

Mheshimiwa Profesa,

Salamu kutoka Kigoma. Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama ni mimi niliyekuzidi, shikamoo yako naisubiri siku utakayofika huku.

Nakuandikia hadharani kwa sababu kwa njia ya ofisini tumeshindwa. Barua ya mwenyekiti wa mtaa ilipokelewa, ikagongwa muhuri. Ya sisi akina mama ikapokelewa, nayo ikagongwa muhuri. Mihuri tunayo ya kutosha, majibu ndiyo hatuna. Ningeendelea kuvumilia, lakini Jumanne iliyopita mafundi wa hoteli yako, ile inayojengwa kwenye ardhi tuliyokiachia chuo, waliziba njia ya kwenda mwaloni, inakofikia mitumbwi.

Huenda wasaidizi wako wamekwambia ni kichochoro tu. Ni kweli, watu wawili wenye mabeseni kichwani wanapishana pale kwa kubanana. Lakini ndipo tunapopitisha dagaa wabichi kutoka kwenye mitumbwi hadi kwenye chanja zetu za kuanikia. Na Jumanne ilikuwa ndani ya giza. Wewe ni msomi wa mambo mengine, kwa hiyo nikueleze: dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti. Siku za giza ndizo za kula na kuweka akiba. Tuliteremka alfajiri njia ikiwa wazi. Tulipopandisha na mizigo tukakuta mabati mapya yanang'aa, yamepigiliwa kwenye milunda, na kijana wa ulinzi anatuambia tuzunguke barabara kuu. Hakuwa na ubaya, alikuwa anaona aibu hata kututazama.

Tukazunguka. Jua la asubuhi likapotea tukiwa njiani, na mchana mvua ikawakuta dagaa wangu bado wabichi upande wa chini. Kesho yake matumbo yalikuwa yamepasuka na nzi wamejaa. Nikamwuzia mtu wa kuku. Bei ya chakula cha kuku sitaitaja hapa, inatia uchungu.

Mtaji ulikuwa wa kikoba, na rejesho lilikuwa Ijumaa. Nimekopa kwa dada yangu kulipa kikoba, na sasa nadaiwa na dada yangu, ambaye naye anasomesha. Binti yangu yuko chuo kikuu mwaka wa pili, si chako, Mungu ametuepusha. Bodi ya Mikopo inatoa sehemu yake, sehemu iliyobaki inatoka kwenye chanja. Kwa hiyo usidhani unaandikiwa na mtu anayechukia elimu. Elimu mimi naianika juani kila siku.

Na ni elimu hiyohiyo iliyotufanya tukubali. Uliwahi kuambiwa kilichosemwa kwenye mkutano wa mtaa? Haukuwa wewe, alikuwa aliyekutangulia, lakini kiti ni kilekile. Tuliambiwa inakuja kampasi. Madarasa, hosteli, maabara ya kulichunguza ziwa. Tukaambiwa Tanganyika ina kina cha zaidi ya mita 1,400, ya pili kwa kina duniani, na kwamba ni fedheha wageni kuja kuisoma kutoka mbali wakati watoto wetu wanaitazama tu. Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Waliokuwa na michikichi na miembe mle wakathaminiwa, wakalipwa kilicholipwa, na hawakubishana sana. Nani anabishana bei na shule?

Sasa nenda katazame bango lililosimamishwa pale. Jengo la ghorofa, miavuli, na bwawa la kuogelea. Bwawa, Profesa, kando ya Ziwa Tanganyika! Chini kuna nembo ya chuo na nembo ya mbia wenu. Darasa hata moja silioni. Tulipouliza tukaambiwa ni "hoteli ya mafunzo". Mafunzo ya nani, ikiwa chuo chako hakifundishi kozi ya hoteli?

Huku mtaani kila mtu ana maelezo yake. Wapo wanaosema vyuo vimeambiwa vijitafutie mapato, na wewe umebanwa. Wapo wanaosema ni reli ya SGR kutoka Tabora, kwamba wenye pesa wamekwishanusa wageni wa hifadhi za sokwe za Gombe na Mahale. Mimi nadhani ni yote mawili, na kwamba kiwanja kililala muda mrefu mpaka mtu akakitamani. Ushahidi sina.

Ila lipo jambo ambalo halihitaji kubahatisha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Tunaijua vizuri mno, tulifundishwa kwa nyundo. Vibanda vyetu vya miti vya kuhifadhia dagaa vilivunjwa kwa sheria hiyo, na tulinyamaza kwa sababu sheria ni sheria. Vigingi vya hoteli yako nimevipima kwa hatua kutoka majini. Mimi ni mfupi, na hazikufika arobaini. Au ya hoteli ni mita nyingine?

Tena hata sheria isingekuwepo, ziwa lenyewe lipo. Mwaka 2020 na 2021 maji yalipanda, tukaona yakiingia majumbani Kibirizi. Wenzetu wengi wa Gatumba, Burundi, walilazimika kuhama. Mwaka 2024 yakapanda tena. Tanganyika haiombi barua ya toleo la kiwanja, inachukua tu. Na mwaka huohuo wa 2024 ndipo Serikali ilipofunga uvuvi miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Tulikaa na njaa tukiambiwa ni kwa ajili ya kesho yetu. Haya, kesho imefika, imezungushiwa mabati.

Halafu kuna lile la sahihi. Walikuja vijana wenye makaratasi, wapole kweli, wakasema ni tathmini ya athari kwa mazingira na wanataka maoni yetu. Tukapewa soda, tukaandika majina na kusaini mahudhurio. Sasa tunaambiwa wakazi walishaafiki, sahihi zipo. Mimi nilisaini kwamba nilihudhuria! Maoni niliyotoa, kwamba njia ya mwaloni isiguswe, yameandikwa ukurasa gani? Ripoti hiyo tumeiomba. Tumepewa, umeshakisia, muhuri.

Utauliza tunataka nini. Kwenye kikao wengine walisema hoteli isijengwe kabisa, kama chuo hakina pesa za madarasa kirudishe ardhi. Wengine wakasema ijengwe huko juu mlimani, mandhari ya ziwa si ipo palepale. Walioachia michikichi wanataka fidia ihesabiwe upya, maana bei ya shule si bei ya hoteli. Mimi nilikuwa wa kundi la kwanza na moyoni bado nimo. Hilo la ardhi tutalifuata, ripoti tutaidai, na mita 60 tutawaomba wanaohusika waje wazipime kwa futi yao, si kwa miguu yangu.

Lakini mwezi ukishapungua giza linarudi, na mitumbwi itaingia. Kabla ya hayo yote nakuomba njia. Sikuombi barabara, wala fidia ya dagaa wangu waliooza, wala mwaliko wa uzinduzi. Yale mabati matatu au manne yaliyopigiliwa kwenye njia yaondolewe, tupite.

Kijana wa ulinzi anasema hana mamlaka. Msimamizi wa mafundi anasema hana shida yoyote kuyaondoa, anasubiri tu simu kutoka chuoni. Simu hiyo ni yako, Profesa. Mpigie leo.

Wako katika kungoja,
Mama mwanika dagaa, mkazi wa jirani na mabati, Kigoma.

Nakala: Mwenyekiti wa mtaa, na diwani wetu, ambaye naye kwenye mkutano ule alipiga makofi.