Hao ‘wananchi wote’ wanaokaribishwa ni akina nani?

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia. Hata siku mliyochapisha picha ya soko la Ilala mkaandika chini yake kwamba ni Buguruni, nilinyamaza. Lakini habari yenu ya Jumanne kuhusu kile kitivo cha afya na mipango yake ya miezi ijayo imenishinda. Mnaikumbuka: nusu ukurasa, watu tisa wamevaa majoho, maprofesa wapya wawili, wahadhiri waandamizi wanne, amidi mpya (yaani mkuu wa kitivo), kongamano, upimaji wa bure wa presha na sukari, halafu mhadhara wa Novemba kuhusu kisukari. Chini kabisa mkamalizia na yale maneno: “Wananchi wote mnakaribishwa.”

Chuo mlikitaja nyinyi. Mimi sikitaji, maana baadhi ya hao wenye majoho niliwashika mkono mwenyewe wodini, walipokuwa wanafunzi wakitafuta mshipa wa mgonjwa huku jasho linawatoka. Nimekuwa muuguzi kuanzia 1976 hadi nilipostaafu 2013. Nilipoanza kazi nchi nzima ilikuwa na shule moja tu ya udaktari, ile iliyoanzishwa Muhimbili mwaka 1963. Leo hapa Dar peke yake huwezi kusema “chuo cha madaktari” ukaeleweka ni kipi. Nafurahi. Wasomi waongezeke, wapandishwe vyeo, wapigwe picha. Ninachouliza ni hao wananchi wote.

Mwaka jana tangazo lilikuwa hilohilo. Nikamchukua jirani yangu hapa Tabata, mama mjane anayekaanga vitumbua, ana sukari mwaka wa kumi na moja. Nikamwambia funga biashara leo, twende ukamsikie profesa mwenyewe. Kwa muuza vitumbua kufunga siku moja si mchezo, Mhariri, unga umeshalowekwa. Alivaa kitenge alichoshonea harusi ya mwanawe. Tukapanda daladala mbili. Getini tukamkuta mlinzi, kijana mwenye adabu zake.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Tumekuja kwenye mhadhara.”

“Mmejisajili?”

Akatuonyesha bango lenye kile kimraba cha madoa meusi, cha kupiga picha kwa simu. Jirani yangu ana kitochi. Yangu ni simu kubwa lakini bando lilikuwa limekata. Tukasimama juani karibu nusu saa, mpaka akatokea daktari mmoja akaniita “Sista!”, akatuingiza. Kumbe wananchi wote ni wote wanaofahamiana na daktari.

Ndani kiyoyozi, viti vya kitambaa, tukakaa nyuma. Mhadhara ukaanza, na kuanzia hapo Kiingereza mwanzo mwisho. Kiswahili kilitumika kwenye “habari za asubuhi” na kwenye kuomba mwenye gari fulani akaliondoe mlangoni. Tukapewa habari ndefu za Banting, yule daktari wa Kanada aliyezaliwa Novemba 14, 1891, ndiyo maana Siku ya Kisukari Duniani ikawekwa tarehe hiyo, na jinsi yeye na kijana msaidizi wake, Best, walivyoipata insulini, ile dawa ya kushusha sukari, kule Toronto mwaka 1921. Nilizipenda, siwezi kusema uongo. Kisha profesa akaingia kwenye ganzi ya miguu: jinsi sukari ikikaa juu miaka mingi inavyoharibu neva, inavyoanzia vidoleni, mtu akawa hasikii joto, hasikii msumari, kidonda kinakua na yeye anatembea. Alieleza vizuri mno. Na pembeni yangu amekaa mama mwenye mguu huohuo anaouzungumzia, ugonjwa wake wote unaanikwa ukutani kwa rangi, na yeye anahesabu taa za darini.

Ukafika wakati wa maswali. Kabla sijamzuia, jirani yangu kainua mkono. “Mimi mguu wangu wa kulia hausikii. Mwezi uliopita mafuta ya vitumbua yaliniruka, nikajua nimeungua nilipoona lengelenge. Sasa niendelee kukaanga au niache?” Ukumbi ukacheka. Sikusikia dharau katika kicheko kile, ila kilinichoma. Hilo ndilo lilikuwa swali la mhadhara mzima, Mhariri! Nusu saa nzima profesa alikuwa analijibu bila kujua mwenye swali amekaa safu ya mwisho. Mwongozaji akashika kipaza sauti, akasema ahsante sana mama, swali zuri sana, lakini kwa sababu ya muda tutalijibu wakati wa chai. Aliyefuata, bwana mmoja wa suti, aliuliza kwa Kiingereza kuhusu namna sampuli ya utafiti ilivyochaguliwa, akajibiwa mpaka akaomba aongezewe swali dogo, akaongezewa. Muda ulikuwepo. Na hiyo chai tulipoifuata tukaambiwa ni ya wenye kadi shingoni. Hatukuwa na kadi. Jirani yangu akaniuliza kwa sauti ya chini, “Sasa jibu liko wapi?” Sikuwa na la kumwambia pale mlangoni, mbele ya sahani za sambusa.

Jibu alilipata kwenye daladala, kwenye foleni ya Buguruni, kutoka kwangu. Nikamwambia kaanga, lakini kwa viatu vya kufunika, kandambili mwisho leo. Usitembee peku hata chumbani. Kila usiku angalia nyayo, na ukishindwa kuinama weka kioo sakafuni. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko, usiyapime kwa mguu. Sugu usiikate kwa wembe, na kidonda usikipake dawa ya meno, kipeleke hospitali. Konda alikuwa ameshapunguza redio. “Bibi, mama yangu anaota miguu kwenye jiko la mkaa usiku, anasema ina ganzi. Ni vibaya?” Nikamwambia ampigie simu saa hiyohiyo. Mpaka tunashuka nilikuwa nimejibu watu watano, wawili kati yao wamesimama, na hakuna niliyemuuliza kama amejisajili.

Sidai udaktari ufundishwe kwa Kiswahili kuanzia Jumatatu, najua vitabu vyao vimeandikwa kwa lugha gani. Nazungumzia mhadhara ulioitwa wa wananchi. Vyeo na idara zao wamevitafutia maneno matamu, amidi, ndaki (chuo ndani ya chuo kikuu), rasi (mkuu wa ndaki), na kila Julai 7 tunakata keki ya Siku ya Kiswahili Duniani. Mahakama zilibadilishiwa sheria mwaka 2021 ili mtu ahukumiwe kwa lugha anayoielewa. Mshitakiwa wa kuku anaambiwa kosa lake kwa Kiswahili, mgonjwa anaambiwa mguu wake kwa Kiingereza.

Na huo upimaji wa bure nao, kwa kuwa mmeutaja. Walikuja mtaani kwetu, hema jeupe, bango, fulana, muziki. Wakanipima presha wakakuta 168 kwa 96, wakaiandika kwenye kikaratasi cha ukubwa wa tiketi, wakaniambia “nenda hospitali.” Ipi? Kwa nani? Mie muuguzi ninajua pa kwenda. Je, yule mzee wa nyuma yangu aliyekunja kikaratasi chake akakitia kwenye kofia? Saa sita hema limeshushwa. Kesho yake tukasoma kwamba tumefikiwa. Kufikiwa! Hata mvua hutufikia. Na katika hizo habari zenu za wafanyakazi sijawahi kuona, hata mstari mmoja, mhudumu wa wodi aliyestaafu baada ya miaka thelathini ya kuwafundisha madaktari watarajiwa namna ya kumgeuza mgonjwa bila kumvunja mbavu. Labda joho la saizi yake halipo.

Sasa pendekezo langu. Nje ya geti lile kuna mama lishe anayewauzia walinzi chai na chapati. Kabla tangazo lolote halijaletwa kwako, amidi mpya (ndiyo kwanza ameteuliwa, nguvu anazo) atoke nalo kwa miguu, anunue chapati mbili, amsomee yule mama. Mama akiweza kurudia ni wapi, lini, na atatoka na nini, tangazo liletwe gazetini. Asipoweza, amidi ale chapati zake arudi ofisini akaliandike upya. Siku ya mhadhara, swali la kwanza liulizwe na mgonjwa na lijibiwe palepale, bwana wa sampuli asubiri wakati wa chai. Kadi za chai mtaamua wenyewe. Na wewe Mhariri, “wananchi wote mnakaribishwa” usiichapishe tena bila kuuliza geti linafunguliwa kwa nani.

Jirani yangu amesomewa habari yenu na mwanawe, jana jioni akaja kuniuliza kama Novemba hii tunakwenda. Nimemwambia akaange vitumbua vyake, na asivue viatu.

Muuguzi mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam.